MTOTO NA MWEZI: TUWAFUNDISHE KUUTAZAMA NA KUSEMA KWELI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Shukrani zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Muumba wa jua na mwezi, usiku na mchana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Mwaka mmoja, siku ya pili baada ya Idi ndogo, niliwauliza watoto wa darasa la chini, wale wanaosoma Juzuu Amma, "Nani ameuona mwezi wa Mfungo Mosi?" Karibu wote walinyoosha mikono, nami nikafurahi. Nikamuuliza wa kwanza ameuonea wapi. Akajibu, "Kwenye simu ya baba, maalim." Wa pili alikuwa ameusikia redioni. Wa tatu aliambiwa na dada yake. Nilipouliza ni nani aliyetoka nje, akaelekea upande linakotua jua na kuuona kwa macho yake mwenyewe, mikono yote ilishuka.

Sikuwalaumu, kwani sisi wakubwa ndio tuliowazoesha hivyo. Tunakaa sebuleni tukingojea ujumbe wa simu, na mwezi wenyewe uko juu ya paa letu. Mtoto anajua tarehe ya Idi, wala hajui Idi ilitoka wapi. Kwa hiyo mwaka huu nimeona niandike somo hili, ili mzazi au mwalimu aweze kumfundisha mtoto wa miaka mitano hadi kumi habari za mwezi, kwa vitu vilivyomo nyumbani na kwa mbingu iliyo juu yetu sote.

KWA NINI TUWAFUNDISHE HABARI ZA MWEZI?

Kwanza, mwezi ni alama katika alama za Mwenyezi Mungu. Katika Suratul Baqara, aya ya 189, tunaelezwa kwamba watu walimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya miezi miandamo, na jibu likaja kwamba hiyo ni vipimo vya nyakati kwa ajili ya watu na kwa ajili ya Hija. Katika Surat Yunus, aya ya 5, tunafahamishwa kwamba mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Na katika Surat Yasin, aya ya 39, mwezi unaorudi kuwa mwembamba umefananishwa na kikonyo cha kichala cha tende kilichozeeka, kikakauka na kupinda. Mtoto anayeisoma Yasin kila Alhamisi usiku hana budi auone mwezi huo walau mara moja ajue ni kitu gani anachokisoma.

Pili, ibada zetu zimefungwa na mwezi. Saumu ya Ramadhani, Hija, Idi zote mbili, Ashura, saumu za siku nyeupe yaani mwezi 13, 14 na 15, hata eda ya mjane ya miezi minne na siku kumi, vyote huhesabiwa kwa mwezi.

Tatu, anayeuangalia mwezi kwa makini hujifunza subira na ukweli. Jambo hili nitalirudia mwishoni, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

MWEZI NI KITU GANI?

Mwambie mtoto maneno machache yaliyo sahihi. Mwezi ni mpira mkubwa wa mawe na vumbi unaoizunguka dunia yetu. Upana wake ni kiasi cha kilomita 3,474, yaani kama robo ya upana wa dunia. Umbali wake kutoka hapa ni wastani wa kilomita 384,400. Kwa mtoto mdogo namba hizo ni kubwa mno, basi mwonyeshe kwa mfano. Chukua chungwa liwe dunia na ndimu ndogo iwe mwezi. Uziweke mbali kiasi cha machungwa 30 yaliyopangwa mstari mmoja. Atashangaa, maana katika picha za vitabuni huwa zimekaribiana.

Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Mwanga tunaouona ni wa jua, umeupiga mwezi ukarudi kwetu. Udongo wa mwezi ni wa kijivu cha kiza, karibu na rangi ya lami iliyochakaa, lakini kwa kuwa jua ni kali na mbingu ya usiku ni nyeusi, tunauona mweupe unang'aa. Binadamu wa kwanza kuukanyaga walishuka huko tarehe 20 Julai 1969, na waliporudi walichukua mawe yake.

Wanazuoni wa Kiislamu waliyashughulikia mambo haya tangu zamani. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, aliandika kitabu kizima juu ya mwanga wa mwezi. Na mwaka 997, mwezi ulipopatwa, al-Biruni aliutazama kutoka mji wa Kath, katika nchi ambayo leo ni Uzbekistan, na mwenzake Abul Wafa akautazama kutoka Baghdad. Walikuwa wamepatana kabla. Kisha wakalinganisha saa alizoona kila mmoja, na kwa tofauti ya saa hizo wakapima miji yao imetengana kiasi gani mashariki na magharibi. Waliweza kushirikiana kutoka mbali hivyo kwa sababu kila mmoja aliutazama kwa makini na kuandika alichokiona.

KWA NINI MWEZI HUBADILIKA SURA?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wakubwa. Tufanye somo la chungwa na taa. Mnahitaji:
1. Chumba chenye kiza baada ya swala ya Isha.
2. Taa moja isiyofunikwa, iwekwe juu ya meza kwa urefu wa kichwa cha mtoto. Taa hiyo ni jua. Mtoto asiikodolee macho.
3. Chungwa au mpira mdogo uliochomekwa kwenye kijiti. Huo ni mwezi.
4. Mtoto mwenyewe. Kichwa chake ndiyo dunia, na macho yake ni sisi tunaotazama.

Mtoto asimame mbali kidogo na taa, anyooshe mkono wake ulioshika chungwa, na chungwa liwe juu kidogo kuliko kichwa chake. Kisha afuate hatua hizi.

Hatua ya kwanza: aelekee taa. Upande wa chungwa unaomtazama uko kizani, na upande wenye mwanga uko kule nyuma. Huo ndio mwezi usioonekana, wa mwisho wa mwezi.

Hatua ya pili: ageuke kidogo kidogo kuelekea kushoto kwake, chungwa likiwa mbele yake muda wote. Ataona ukingo mwembamba wa mwanga upande wa kulia. Hiyo ndiyo hilali, mwezi mwandamo.

Hatua ya tatu: aendelee mpaka taa iwe ubavuni mwake wa kulia. Ataona nusu ya chungwa ina mwanga. Huu ni mwezi wa siku ya saba au ya nane.

Hatua ya nne: aendelee mpaka taa iwe mgongoni. Chungwa zima litang'aa. Huu ni mwezi mpevu, ule wa kumi na nne tunaousifu kwa uzuri.

Hatua ya tano: aendelee kuzunguka, taa ije ubavuni mwa kushoto. Nusu nyingine sasa ndiyo yenye mwanga, kisha inapungua mpaka inakuwa uzi mwembamba, halafu inapotea. Amerudi alipoanzia, na mwezi umekwisha.

Sasa muulize, "Je, kuna wakati chungwa lilikatwa? Je, lilipungua?" Atasema hapana. Chungwa lilikuwa zima muda wote, na nusu yake ilikuwa na mwanga muda wote. Kilichobadilika ni kiasi cha ile nusu yenye mwanga anachoweza kukiona kutoka pale aliposimama. Hilo ndilo jibu lote. Mtoto akilifahamu hilo, amefahamu jambo ambalo wakubwa wengi hawalijui.

Mzunguko huu, kutoka mwezi usioonekana hadi mwezi mwingine usioonekana, huchukua wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Ndiyo maana miezi yetu ni ama siku 29 ama 30, haiwi 28 wala 31. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafundisha masahaba jambo hili kwa vidole. Alionyesha mikono yake miwili mara tatu, na mara ya tatu akakunja kidole gumba, ikawa 29. Kisha akaonyesha tena mara tatu kamili, ikawa 30. Tumwige Mtume wetu katika ufundishaji huu. Watoto wafanye kwa vidole vyao darasani, hawatasahau.

Ukizidisha mara 12 unapata siku 354, zinazopungua kama siku 11 katika mwaka wa jua. Kwa hiyo Ramadhani huja mapema zaidi kila mwaka, na hupita katika masika, kipupwe, vuli na kaskazi. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

MWEZI TUUTAFUTE WAPI NA WAKATI GANI?

Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Kwa kanuni hii moja tunaweza kupanga safari yake yote:

Mwezi 1 hadi 3: hilali iko magharibi, chini, mara baada ya Magharibi. Hutua mapema.

Mwezi 7 na 8: nusu ya kwanza. Wakati wa Magharibi iko juu karibu na utosini, na hutua karibu na saa 6 usiku.

Mwezi 13 hadi 15: mwezi mpevu. Huchomoza mashariki karibu na Magharibi, hukesha nasi usiku kucha na kutua karibu na alfajiri.

Mwezi 21 hadi 23: nusu ya pili. Huchomoza karibu na saa 6 usiku. Asubuhi watoto wakija madrasa bado iko mbinguni, nyeupe kama kipande cha pamba.

Mwezi 26 hadi 28: uzi mwembamba, mashariki, kabla ya jua kuchomoza. Huu ndio ule wa Surat Yasin. Anayeamka kwa swala ya Alfajiri ndiye anayeuona.

Mpeni mtoto kanuni nyingine nyepesi: upande wa mwezi wenye mwanga daima huelekea lilipo jua. Jua likiwa limetua magharibi, tumbo la hilali huelekea magharibi.

Tena mumtanabahishe juu ya picha. Katika vitabu vingi vilivyochorwa Ulaya hilali imesimama wima. Kwetu sisi pwani ya Afrika Mashariki, tulio karibu na Ikweta, jua na mwezi hushuka karibu wima kuelekea upeo wa macho, kwa hiyo hilali yetu hulala kama dau, ncha zake mbili zikielekea juu, pengine ikiinama kidogo upande mmoja. Mtoto wa Tanga, Unguja au Mombasa anayetafuta hilali iliyosimama kama ya kitabuni anaweza kuikosa iliyo mbele ya macho yake.

DAFTARI LA MWEZI

Hii ndiyo kazi kuu ya somo letu. Mtoto apewe daftari, achore visanduku 30, na kila jioni achore mwezi alivyouona. Maagizo ni haya:

1. Aanze jioni ya mwezi 29. Akumbushwe kwamba siku yetu ya Kiislamu huanza jua linapotua, na usiku hutangulia mchana wake.
2. Achague mahali pamoja penye uwazi: barazani, uwanjani, ufukweni au juu ya dari. Asiende peke yake.
3. Asiangalie magharibi kabla jua halijazama lote. Jua huunguza macho, na kwa darubini ni hatari kubwa zaidi.
4. Aandike mambo matatu tu: sura ya mwezi, upande ulipo, na saa.
5. Kukiwa na mawingu aandike "mawingu". Akilala mapema aandike "nililala". Asichore asichokiona.
6. Kuanzia mwezi 20 na kitu aangalie alfajiri na asubuhi badala ya jioni.
7. Anapoiona hilali afundishwe dua yake, ambayo ndani yake tunamwomba Mwenyezi Mungu autuletee mwezi huo kwa amani, imani na usalama, na tunakiri kwamba Mola wetu na Mola wa mwezi ni mmoja.

Neno hilo la mwisho ni muhimu. Mtoto anayependa mwezi aambiwe kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.) katika Suratul An'am, jinsi nyota, mwezi na jua vilivyotua kimoja baada ya kingine, na akabainisha kwamba kinachotua hakiabudiwi. Tunautazama mwezi, na tunamwabudu aliyeuumba.

MAKOSA TUNAYOWAFUNDISHA WATOTO BILA KUKUSUDIA

Kosa la kwanza ni kumfundisha kwa biskuti au chapati iliyoumwa. Ni mfano mtamu, lakini mtoto ataamini kwamba kuna kitu kinaula mwezi. Chungwa na taa ni bora.

Kosa la pili ni kusema kwamba kivuli cha dunia ndicho kinachoufanya mwezi uwe nusu au hilali. Si kweli. Kivuli cha dunia huupata mwezi siku ya kupatwa tu.

Kosa la tatu ni kusema jua ni la mchana na mwezi ni wa usiku. Mwezi huonekana mchana siku nyingi. Mtoto atauona saa 2 asubuhi, na atadhani ama mwezi umekosea ama mwalimu amekosea.

Kosa la nne ni kumwambia kwamba mwezi unamfuata yeye kwa kuwa ni mtoto mzuri. Mwezi uko mbali sana, ndiyo maana tukitembea au tukipanda gari hauonekani kuachwa nyuma kama minazi ya kando ya njia.

KUPATWA KWA MWEZI

Katika lile somo la taa, mwambie mtoto asimame kama katika hatua ya nne, taa ikiwa mgongoni, lakini sasa alishushe chungwa usawa wa kichwa chake. Kivuli cha kichwa kitalifunika. Huko ndiko kupatwa kwa mwezi, na hutokea wakati wa mwezi mpevu peke yake. Haitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi, na mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli cha dunia.

Wengi wetu tunakumbuka usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, katikati ya Mfungo Sita, mwezi ulipopatwa wote hapa kwetu kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, ukawa mwekundu kama shaba. Wekundu ule ni mwanga wa jua uliopenya katika hewa inayoizunguka dunia yetu, ni ule ule wa machweo.

Zipo hadithi za vijijini za mnyama anayeumeza mwezi, na wapo wanaopiga madebe. Watoto wetu wajue mafundisho ya Mtume (S.A.W.). Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume akawakataza kusema hivyo. Akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akawaamrisha swala na dua. Tazameni ukweli wake. Alikuwa na huzuni ya kufiwa na mtoto, na watu walikuwa wanamtukuza, naye hakukubali kutukuzwa kwa jambo lisilo kweli.

MWEZI NA BAHARI YETU

Sisi watu wa pwani tuna kitabu kingine cha kuusoma mwezi, nacho ni bahari. Mwezi huvuta maji ya bahari, na jua nalo huvuta kidogo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mivuto hiyo miwili hukaa katika mstari mmoja, ndipo tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika mwambao wetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huweza kukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu tunapata maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana.

Kina mama wanaolima mwani kule Paje na Jambiani hupanga kazi zao kwa bamvua, maana ndipo bahari inapotoka mbali. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa hutoka usiku wa kiza, na mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika. Na maji huchelewa kujaa kila siku kwa kiasi cha dakika 50, kama mwezi unavyochelewa. Mpeleke mtoto ufukweni siku mbili mfululizo na saa mkononi, atalithibitisha mwenyewe. Kama una babu au mjomba mvuvi, mpeleke mtoto akamuulize. Elimu hiyo si ndogo.

NIMEUONA, SIJAUONA

Sasa nirudi kwenye lile nililoliahidi. Baada ya ile siku ya mikono iliyoshuka, niliwachukua watoto wale wale jioni ya mwezi 29 tukasimama uwanjani kutafuta hilali. Jua lilipozama, mmoja akapiga kelele, "Ule pale!" Mara wote wakapiga kelele, "Nimeuona! Nimeuona!" Nilitazama. Kilikuwa kipande cha wingu jembamba lililopakwa rangi na machweo. Mtoto mmoja wa kike, mdogo kuliko wote, alikuwa amenyamaza. Nikamuuliza, "Na wewe je?" Akasema kwa sauti ya chini, karibu kulia, "Mimi sijauona, maalim." Alidhani amefanya kosa. Kumbe yeye ndiye aliyefaulu somo.

Ndugu zangu, kuandama kwa mwezi ni ushahidi. Abdullah bin Umar (R.A.) alimweleza Mtume (S.A.W.) kwamba ameuona mwezi wa Ramadhani, na Mtume akafunga na akaamrisha watu wafunge. Umma ulifunga kwa ulimi wa kijana mkweli. Basi mtoto anayezoea kusema "nimeuona" kwa kuwa wenzake wamesema, kesho atasimama mbele ya kadhi na kusema hivyo hivyo.

Wala si kila anayekosea ni mwongo. Imesimuliwa katika vitabu vya historia kwamba Anas bin Malik (R.A.), akiwa mzee wa karibu miaka mia, alikuwa na watu wakiutafuta mwezi, akasema ameuona. Hakuna mwingine aliyeuona. Kadhi Iyas bin Muawiya alikuwepo. Akamtazama mzee yule, akaona unywele mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho lake. Hakumkemea wala hakumcheka. Aliulainisha ule unywele kwa mkono, kisha akamwomba amwonyeshe mahali mwezi ulipo. Anas akatazama, akasema hauoni.

Tuwasimulie watoto kisa hiki. Ndani yake mna sahaba mkweli aliyekubali mara moja kwamba haoni, na mna kadhi mwenye hekima aliyemrekebisha mkubwa wake kwa adabu. Sote tunavihitaji vyote viwili, hasa katika siku zile ambapo nyumba moja imefunga na ya jirani haijafunga. Kuamua siku ya kufunga na kufungua ni kazi ya masheikh, makadhi na mamufti wetu. Kazi ya mtoto, na ya mzazi wake, ni kutoka nje, kutazama vizuri, kusema alichokiona, na kutomkejeli aliyeona au aliyefuata vingine.

Naomba kila nyumba inayosoma jarida hili ianze daftari la mwezi kwa mwezi mmoja tu. Mwisho wake mtoto awe na visanduku 30, vingine vina michoro, vingine vimeandikwa "mawingu" na "nililala". Daftari la namna hiyo ni bora kuliko lililojaa lote kwa kukisia.

MASWALI NA ZOEZI

1. Kwa nini mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30 na si 31?
2. Mwezi mpevu huchomoza upande gani, na karibu na swala gani?
3. Je, kivuli cha dunia ndicho kinachofanya mwezi uwe nusu? Eleza kwa chungwa na taa.
4. Taja majina ya Kiswahili ya miezi kuanzia Mfungo Mosi hadi Mfungo Tisa, kisha miezi mitatu inayobaki.
5. Bamvua hutokea siku gani za mwezi?
6. Umesimama na wenzako kumi, wote wanasema wameuona mwezi, wewe hujauona. Utasema nini?
7. Zoezi la nyumbani: lete daftari lako la mwezi darasani, likiwa na saini ya mzazi.

Mwenyezi Mungu atujaalie sisi na watoto wetu macho yanayozingatia na ndimi zinazosema kweli. Amin.

Wabillahi Tawfiq.